Neno Tulilolilima kwa Ikibiri

Harufu ya maka peni hunipandisha hasira. Najua si akili ya mtu mzima kukasirishwa na kalamu, lakini ndivyo nilivyo, na majuzi ilinikuta tena nikiwa nimekaa kiti cha mbele katika ukumbi wa semina pale Kibondo mjini. Mimi ni bibi shamba. Wakulima waliojaa ule ukumbi niliwaalika mwenyewe: wa Mabamba, wa njia ya Nduta, na wengine waliotoka Kasulu alfajiri ile ile na vumbi lao kichwani. Mwezeshaji alikuwa kijana mtanashati, mwenye adabu, sina ugomvi naye. Akang'oa kifuniko cha maka peni nyekundu, harufu ikanifikia puani, akaandika kwenye karatasi kubwa aliyoibandika ukutani: Mbinu Mpya ya Kujifunza.

Akaeleza. Somo likiwa kubwa, asilibebe mtu mmoja. Ligaweni vipande. Kila mmoja achukue kipande chake, akijue sawasawa, kisha awafundishe wenzake, nao wamfundishe vya kwao, mpaka mwisho wa siku wote mnajua yote. Wakulima wakainama, wakaandika kwenye madaftari waliyopewa mlangoni. Mimi sikuandika. Niligeuka nikamtazama mwanamke aliyekaa benchi la mwisho karibu na dirisha. Huyo ni Evodia, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa maharage katika kijiji nilichozaliwa, na tulisoma pamoja. Naye hakuandika. Alikuwa anaitazama ile karatasi kama mtu aliyemkuta mbuzi wake amefungwa kwenye ua wa jirani.

Mbinu mpya. Mpya kwa nani? Mimi na yule mama pale nyuma tulichapwa fimbo kwa mbinu hiyo tukiwa darasa la saba, na mmoja wetu alinyang'anywa maisha yake kwa ajili yake. Sasa imerudi na kalamu nyekundu na chai ya saa nne, na tunaambiwa tushukuru.

Nyinyi wa rika langu mliosoma shule za vijijini kwetu huku juu mtanielewa nikianza na sakafu. Shule yetu ilikuwa na sakafu ya udongo, na kila Ijumaa tuliipaka kinyesi cha ng'ombe ili tusiingiwe na funza. Asubuhi baridi iliuma, ukungu ukakaa mpaka saa tatu, tukaingia darasani miguu imelowa umande na nyasi zimetuganda magotini. Nyumbani tulisema Kiha. Kiswahili tulikikuta darasa la kwanza, tukakishika kwa kubahatisha. Halafu, kabla hata hicho hakijatulia mdomoni, kikaja Kiingereza. Ukutani, juu ya ubao, mtu alikuwa ameandika kwa rangi ya bluu: Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Yakumbukeni maneno hayo. Nitayarudia.

Mwalimu wetu wa Kiingereza simtaji jina, ana watoto na wajukuu. Alikuwa mtu wa kwetu kabisa, Muha wa bonde la pili, mama yake tukimfahamu. Alikuwa na daftari la kahawia lililochakaa pembe, alilotoka nalo chuo cha ualimu, na ndani yake mlikuwa na orodha aliyoipenda kuliko kitu chochote: matumizi ishirini na manne ya neno moja la Kiingereza, get. Kila aliyekuwa darasa la saba alipitia mle. Get ya kupata, get ya kufika, get ya kuamka, get ya kulowa, get ya kuelewa, get ya kukasirika, get ya kupotea, get ya kuolewa, na kuendelea. Aliandika ubaoni, tukanakili, tukaimba. Yeye mwenyewe sikumbuki kumsikia akilitumia neno hilo hata mara moja kumwambia mtu jambo. Akigeuka tu, tulimwita Mwalimu Get.

Mimi nilidhani Waingereza ni maskini wa maneno. Nisingeweza kufikiri vingine. Kwetu, nyumba yenye jembe moja ilitumia jembe hilo hilo kulima, kupalilia, kuchimba choo na kuchimba kaburi, na likifika jioni lilikuwa limepita mikono ya watu wanane. Nikasema basi na hawa ndivyo walivyo, wana neno moja wanaazimana. Niliwaonea huruma kweli. Nilimwambia mama yangu, naye akaguna, akasema, "Na bado wanatutungia mitihani."

Sasa, mwaka huo kulikuwa na jambo. Kulikuwa na shule ya bweni upande wa Kasulu iliyokuwa ikichukua mtoto mmoja mmoja kutoka shule za vijijini, bure, kuanzia vitabu mpaka godoro. Shule yetu ilipewa nafasi moja. Wakati huo sekondari ya kata ilikuwa bado hata kuchimbiwa msingi, kwa hiyo nafasi hiyo ndiyo ilikuwa mlango pekee, na wa upande mwingine wa mlango huo alikuwa anabaki na jembe. Mwalimu Get akatangaza mstarini kwamba atakayeshinda jaribio la Kiingereza ndiye atakayekwenda. Jaribio lenyewe lilikuwa matumizi yote ishirini na manne, kila moja na sentensi yake. Tulichaguliwa kumi na wawili tuliokuwa na maksi nzuri, tukapewa wiki tatu.

Kila mtu alijua nafasi ni ya Evodia. Hata mimi, niliyekuwa nikimfuata kwa karibu, nilijua. Alikuwa na kichwa chepesi na mwandiko wa kusomeka toka mlangoni. Mama yake alivuka kutoka Burundi zamani, kabla mimi na Evodia hatujazaliwa, kabla ya kambi za wakimbizi, Nduta ile ya kwanza na Mtendeli, akaolewa kijijini kwetu, akafiwa na mume, akabaki. Hakuwahi kulala kambini hata siku moja. Shamba lake lilipakana na letu, na watoto wake tulikula nao chungu kimoja. Kwa mama huyo nafasi ile haikuwa sifa. Ilikuwa tofauti kati ya binti wa kusoma na binti wa kuposwa baada ya mavuno mawili.

Huku kwetu hakuna anayelima peke yake. Tunalima kwa ikibiri. Majirani kumi au kumi na mbili wanakwenda leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mashamba yote yameisha. Mwenye shamba anatoa chakula, viazi au maharage na togwa. Mwenye nguvu anapewa tuta refu, mgonjwa anapewa fupi, na aliyelala kitandani kabisa lake linalimwa la kwanza. Na kuna adabu yake: ukienda kulima kwa mtu hupandi mbegu yako. Unapanda aliyoiweka mwenye shamba, hata kama unaona yako ni bora.

Siku hiyo tulikuwa kwetu, zamu ya mama, tunapanda maharage. Evodia alikuwa tuta la jirani yangu. Akasimama, akajifuta jasho kwa mkono wenye udongo, akaniuliza, "Skola, kwani lile neno mbona tunalilima kila mtu kivyake?"

Nikamwambia ndivyo tulivyoambiwa.

"Maana ishirini na nne, watu kumi na wawili," akasema. "Kila mtu mbili mbili. Tunapitia kwa kila mtu. Wiki mbili tumemaliza, ya tatu tunapalilia."

Hakusema zaidi. Akaendelea kulima. Nami nakumbuka nilicheka peke yangu, kwa sababu ilikuwa wazi mno, nikashangaa watu wazima hawakuifikiria.

Basi tukalima. Kila mmoja akawa mwenye maana mbili, na kila siku baada ya shule tulikwenda kwa mwenye zamu, njiani, chini ya mkaratusi, au uani kwao. Mwenye zamu alileta chakula, kwa sababu ikibiri bila chakula ni utumwa: kiazi cha kuchoma, mapera, siku moja asali kwenye jani la mgomba aliyoiiba Bukuru kwa baba yake. Mpaka leo sijakutana na Kiingereza kitamu kama kile. Mwenye zamu alitutungia sentensi yake, tukaisema, tukaiigiza, tukaiandika kwa kijiti chini, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka mpaka wa mwisho ameijua.

Sentensi zilitoka majumbani kwetu, zingetoka wapi tena? Odilia, ambaye nyumba yao ya nyasi ilivuja, alipewa get ya kulowa. Akatunga: "I get wet in my bed." Nalowa kitandani mwangu. Tukaenda kwao kuona kitanda chenyewe, tukakaa juu yake sote, na neno likaingia. Bukuru akapewa get ya kukasirika: "My grandmother gets angry." Bibi yake alituona tunamnyooshea kidole tukicheka, akakasirika kweli, tukakimbia, na maana hiyo hakuna aliyeisahau. Mimi nilikuwa na kuamka na kufika. Nikasema tunafika Mabamba kwa miguu, kwa sababu ndivyo tulivyofika gulioni. Evodia alikuwa na kupata. Akatunga sentensi moja tu, polepole, bila kututazama: "My mother gets no letter from home." Mama yangu hapati barua kutoka kwao.

Ikaja siku ya jaribio. Na hapa ndipo tulipofanya kosa letu, kama mtaliita kosa. Mtoto wa mahali pengine angejificha. Angebadilisha kitanda kikawa mkeka, bibi akawa shangazi, mwalimu asijue. Sisi hilo halikutupitia akilini. Sentensi ya kulowa ilikuwa ya Odilia. Kuandika nyingine kungekuwa kupanda mbegu yangu kwenye tuta lake, na hilo kwetu ni ukosefu wa adabu ambao mama angenichapa. Kwa hiyo wote kumi na wawili tukaandika sentensi zile zile, neno kwa neno, kwa heshima. Na Evodia, ambaye kila kitu alikifanya mpaka mwisho, akaongeza pembeni mwa kila sentensi jina la mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri: ya Odilia, ya Bukuru, ya Skola. Mimi nilikusudia kufanya hivyo hivyo. Mkono uliniuma nikaacha. Nasema haya yajulikane: kilichoniokoa si akili wala wema, ni uvivu.

Siku ya tatu Mwalimu akaingia na karatasi zetu na ile maka peni nyekundu aliyoipata kwenye semina fulani, ya pekee shuleni, aliyoiweka mfukoni mwa shati kama cheo. Akasoma kwa sauti: "I get wet in my bed." Akaweka karatasi mezani, akachukua ya pili: "I get wet in my bed." Ya tatu. Ya nne. "Watoto kumi na wawili," akasema, "kitanda kimoja kinavuja. Na wote wana bibi mmoja ana hasira. Na mama zao wote hawaandikiwi barua."

Darasa likacheka. Sisi pia tukacheka, tukidhani anafurahi. Tulidhani ameiona kazi. Mtu akiona shamba limelimwa lote kwa mistari iliyonyooka, si anafurahi?

Akang'oa kifuniko. Harufu ile kali ikajaa darasani, akachora mkasi mwekundu juu ya kila karatasi, kona hadi kona, wino ukapenya mpaka mezani. Ya Evodia akaiinua juu. "Huyu," akasema, "ameandika mpaka orodha ya aliowaibia."

Evodia akasimama. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Akaanza, "Mwalimu, ilikuwa ikibiri..."

"Kwa Kiingereza," akasema Mwalimu. "Somo ni la Kiingereza. Jitetee kwa Kiingereza."

Hebu fikirini jambo hilo. Mtoto anashtakiwa wizi, na ruhusa ya kujitetea anapewa kwa lugha ambayo mshitaki mwenyewe anaisoma kwenye daftari. Nilimwona Evodia anatafuta, akipita kwenye yale maneno machache tuliyokuwa nayo kama mtu anayepapasa stoo gizani. Halafu akasema, "We get together, teacher. We get together." Alitaka kusema tulikusanyika. Hakuna aliyemfundisha, alilitengeneza mwenyewe, pale pale, akiwa amesimama. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza katika darasa lile mtu kulitumia neno get kumwambia mwenzake kitu cha kweli.

Mwalimu akafungua daftari la kahawia. Akapitisha kidole toka juu mpaka chini. "Hiyo haimo," akasema, na akamwambia akae.

Tulichapwa fimbo nne nne, hilo lilishapoa zamani. Kisha akatuita mmoja mmoja kwenye stoo ya mahindi, akauliza swali moja: nani alianza? Mimi niliingia wa tano. Mle ndani mlinuka dawa ya wadudu na magunia. Nikasema, "Evodia." Nilisema kwa sababu nilidhani ni sifa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia miaka mingi. Lakini nikijibana vizuri, nakumbuka pia nilivyoiwaza ile nafasi ya Kasulu wakati mdomo wangu unafunguka.

Kesho yake mama yake Evodia akaja. Alitoka shambani, miguu ina udongo, khanga amejifunga kiunoni. Tulikuwa nje tunafagia, madirisha hayakuwa na mbao, tukasikia kila neno. Akasalimu kwa adabu, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya mama zetu. Kiswahili chake kilikuwa kizito, lakini hakikumwangusha.

"Mwalimu, nimesikia mtoto ameiba. Nimekuja nijue kaiba nini, nirudishe."

Mwalimu akacheka. Akamwambia aliiba majibu, na kwamba tabia hizo ndizo zinazotoka kambini, watu kuzoea vya kugawiwa.

"Kambini sijakaa," akasema. "Mimi nalima. Nalima kwa watu, nao wanalima kwangu. Mahindi yangu yakiiva hakuna aliyeniambia nimeiba. Hawa wamelima kwa Odilia, wamelima kwa Bukuru, wamelima kwa mwanangu. Wote sasa wanajua. Wewe Mwalimu ulitaka wajue, au ulitaka nini?"

Halafu akaongeza, bado kwa sauti ile ile ya upole, "Hilo shamba lako la maharage hapo nyuma ya madarasa, limelimwa na nani?"

Mama wee. Kila Alhamisi darasa zima lilipelekwa na majembe kulima maharage ya Mwalimu, kwa mstari, bega kwa bega, na kazi hiyo iliitwa kujitegemea. Maharage yale hayakuchorwa mkasi mwekundu. Tulipolima kwa umoja shamba lake tulikuwa watoto wazuri, tulipolima vichwa vyetu wenyewe tukawa wezi. Na juu ya kichwa chake, wakati huo huo, ukuta ulikuwa unasema umoja ni nguvu. Alikuwa mtu wa kwetu, mama yake mzazi akilima kwa ikibiri kila msimu, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hakuelewa. Angekuwa mgeni ningemsamehe. Alielewa vizuri, akaona haya mbele ya mjane mwenye udongo miguuni, na haya ya mwenye fimbo humwangukia asiye nayo.

Jina la Evodia likafutwa. Likawekwa la kwangu, niliyekuwa nikimfuata kwa maksi, eti kwa sababu karatasi yangu haikuwa na orodha ya majina, kwa hiyo huenda mimi nilinakiliwa tu. Nyumbani kwetu walichinja kuku. Mama yangu hakumla. Alinifungia nguo kwenye mfuko, akasema, "Nenda, mwana wanje, mwanangu. Nafasi haitupwi. Lakini usije ukasahau imetoka kwa nani."

Siku niliyoondoka ilikuwa tena zamu ya shamba letu. Gari la kwenda Kasulu lilipita barabara ya juu, na toka dirishani niliwaona mstari mzima wamepinda migongo kwenye shamba la mama yangu. Wa pili kutoka kushoto alikuwa Evodia. Tuta lile lingekuwa langu. Hakuinua kichwa.

Kule bweni walikuwa na maktaba, na katika maktaba kamusi nene ya Kiingereza. Wiki ya kwanza niliifungua kwenye get. Haikuwa na maana ishirini na nne, ilikuwa na kurasa nzima, nikapitisha kidole kama alivyofanya Mwalimu. Get together ilikuwemo. Imeandikwa wazi kabisa, na maana yake ni ile ile aliyoikusudia. Nilitaka kuing'oa hiyo karatasi nimpelekee mtu, lakini nimpelekee nani? Niliifunga kamusi nikaenda kulia chooni, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira zaidi kuliko huzuni.

Ndiyo maana majuzi, semina ilipoisha na watu wanagombania soda, nilisimama pale nje ya ukumbi nikimsubiri. Evodia akatoka, daftari jipya kwapani. Tumeonana mara nyingi kwa miaka hii, kwenye misiba, gulioni, mashambani nikiwa kazini, na kila mara tuliongea habari za mbegu.

"Skola," akasema, "umesikia? Wametuletea ikibiri kutoka mjini."

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Nikamwambia kwamba kwenye ile stoo ya mahindi ni mimi niliyemtaja. Sikuwahi kulisema. Nililisema vibaya, nimesimama na soda mkononi.

Akanitazama. "Ego, ndiyo, najua. Kila aliyeingia alinitaja. Hata mimi nilipoingia nilijitaja." Akarekebisha kitambaa chake kichwani. "Mimi sikukasirika mlivyonitaja. Nilikasirika mliponyamaza mama aliposimama pale. Mlikuwa kumi na mmoja, mna mifagio mkononi, hakuna hata mmoja aliyesema ndiyo, ni kweli, tulilima."

Akaniacha nimeze, kisha akasema kilichomleta.

"Adelina wangu yuko la saba. Wamepewa orodha. Safari hii ni take, maana thelathini. Wako watoto kumi uani kwangu kila Jumamosi. Mimi mwisho wangu unaujua. Njoo ulime."

Nilikwenda. Nilibeba viazi, maana mikono mitupu haiendi ikibiri. Watoto walikuwa wamekaa chini ya ukuta wa jikoni, ukungu bado haujaondoka, moshi wa kuni unawaingia machoni. Nikapewa maana zangu za kufundisha kama wao. Nikawafundisha, wakaigiza, wakaandika kwa vijiti udongoni, na kwa saa moja nzima nilisahau kwamba nina hasira.

Halafu nikaona jambo. Kila mtoto aliposhika sentensi ya mwenzake, aliibadilisha. Mbuzi akawa kondoo, kisima kikawa mto. Nikamuuliza Evodia, naye akajibu huku anageuza viazi motoni, "Nimewafundisha. Kila mtu aandike paa lake. Na majina wasiandike."

Lile jambo zuri kuliko yote tuliyoyafanya utotoni, sasa watoto wanafundishwa kulificha kama pombe haramu, wakati huo huo ukumbini Kibondo watu wanapewa vyeti kwa ajili yake.

Adelina akanisogelea na daftari lake. Ana mwandiko wa mama yake. Kati ya zile zetu za zamani za get, ambazo Evodia amewapa bila majina, kulikuwa na moja aliyoipenda, ya mama na barua, akanionyesha kwa kidole. "Shangazi, hii ilikuwa ya nani?"

"Ya mama yako," nikamwambia. "Kichwani mwako andika jina lake. Kwenye karatasi ya mtihani usiandike."

Akaitikia kwa kichwa, bila kuuliza kwa nini, akarudi kukaa na wenzake. Alielewa upesi mno kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na hasira yangu ikaanza upya.